Kifaa cha Kubana Mafuta Kilikuwa Kinakula Karanga

Bosi wetu alilala chali chini ya gari langu, na suti yake na tai yake, tochi mdomoni, akitafuta kifaa.

Kifaa chenyewe kilikuwa kimekaa kiti cha mbele, kinakula karanga.

Ngoja nianze mwanzo, msije mkasema nimevuta kitu.

Mimi ni dereva wa kampuni ya kufua mashuka ya hoteli. Nimeshafukuzwa kazi sehemu nyingi kiasi kwamba nikiitwa ofisini naenda na begi langu kabisa.

Siku moja bosi akatukusanya uani.

"Mafuta yanatumaliza. Na moshi wenu unarudi kwenye mashuka tuliyoanika. Mwisho wa mwezi, gari litakalokunywa kuliko mengine, dereva wake aje tuagane."

Wote wakanigeukia. Hata mlinzi.

Haki yao. Nilikuwa naendesha kama nafukuzwa. Taa nyekundu iko kulee, mimi nakanyaga mafuta, halafu nakanyaga breki mpaka mashuka yanahama. Nikisubiri mzigo hotelini, injini inanguruma, nasikiliza redio.

Nyumbani nikakuta mama mkwe kaja. Goti limevimba, anatakiwa mazoezi hospitali kila asubuhi.

"Si njia yako? Utampeleka," mke wangu akasema. Hapo hakuniuliza, alinitaarifu.

Na akimaliza mazoezi, mama hataki kukaa nyumbani peke yake. Anazunguka na mimi mpaka jioni.

Asubuhi ya kwanza nikang'oa gari kwa mbwembwe zangu.

Akashika goti. "Baba, nimekukosea nini? Kama hukumtaka binti yangu, si ungesema mapema?"

Mke unaweza kubishana naye. Mama mkwe unaitika tu, "Samahani mama."

Basi nikawa naondoka taratibu, utadhani nimebeba mayai. Taa nyekundu nikiiona kwa mbali naachia mguu, gari linajiendea lenyewe, likifika taa imeshabadilika.

Nikisimama kusubiri mzigo, mkono wake uko kwenye ufunguo. Anazima.

"Limesimama, sasa linanguruma kumtisha nani?"

Akachungulia nyuma, akaona matofali niliyoyasahau humo tangu zamani. "Na hayo matofali? Unajenga hotelini?"

Nikayashusha. Akasema gari linayumba, goti linagonga mlango. Kucheki, matairi yamelegea. Nikajaza upepo.

Dereva mwenzangu, tunamwita Kipanga, akatupita kama risasi. "Kaka, unasindikiza msiba?"

Tukamkuta kwenye taa. Mama mkwe akashusha kioo taratibu.

"Mwanangu, hujambo? Tulidhani umeshafika."

Mwisho wa mwezi nikaitwa. Nikaenda na begi.

"Gari lako limekunywa kidogo kuliko yote," bosi akasema. "Umelifungia kifaa gani?"

"Sijafunga kitu, bosi."

"Wewe? Wewe huyu ninayekujua?"

Ndipo akachukua tochi, akaingia chini ya gari.

Dirishani ikatoka sauti ya mama mkwe, anatafuna karanga. "Baba, toka huko, utachafua suti ya watu."

Nilipomweleza bosi kwamba kifaa ni huyo mama, hakuamini. Akashika usukani mwenyewe, mama mkwe pembeni, mimi nyuma na mashuka. Getini tu akakanyaga mafuta.

Alichoambiwa sikukisikia vizuri. Niliona mabega ya bosi tu yakishuka. Kurudi, aliendesha kama amebeba maharusi.

"Mama," akasema huku anafuta jasho, "unaweza kuanza kazi lini?"

Nikajiona nimepona.

Kumbe sasa mama mkwe anagawanywa. Leo kwa Kipanga, kesho kwa mwingine. Mimi nikabaki na kiti kitupu, mguu ukakumbuka ujana, gari likaanza tena kunywa.

Nikaitwa ofisini. Kwenye kiti cha mkuu wa madereva amekaa mama mkwe, mguu juu ya stuli.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hapa niite Mkuu. Gari lako ndilo la mwisho. Nyumbani wewe ni mwanangu, ila hapa wiki ijayo ikiwa hivihivi, tutaagana vizuri na jioni nitakukuta mezani."

"Nipangie basi siku moja uwe na mimi."

"Nafasi zimejaa. Kafanye kama nipo."

Nikafanya. Siku hizi nikipanda gari nafunga mkanda wa kiti cha pembeni, kitupu, na nakiomba ruhusa kabla ya kuondoka. Wenye magari mengine wananishangaa. Kazi bado ninayo.

Kwa hiyo wewe unayehangaika madukani kutafuta kidude cha kubana mafuta, acha. Tatizo liko kwenye mguu wako wa kulia. Mkalishe pembeni yako mtu usiyeweza kumjibu.