Nyota Iliyonywa Kisima Chetu

Nilikuwa sijamaliza darasa la tatu, kule pembezoni mwa Izia, kisima chetu kilipokauka. Bibi, mama yake baba, hakushangaa. Alituonyesha nyota nyekundu iliyokuwa ikichomoza alfajiri, akasema ndiyo inayokunywa maji ya watu. Tena akamkataza baba kugusa kisima: ukichimba nyota ile ikiwa juu, itanyonya mpaka tone la mwisho, na maji hayarudi tena.

Leo watu wangecheka. Sisi hatukucheka. Bibi alikuwa mtu wa rozari na misa ya kwanza, lakini habari za nyota ile alizirithi kwa mama yake, na baba hakuwahi kumpinga.

Basi tukawa tunafuata maji mtoni, mbali, na mama alikuwa mjamzito. Asubuhi moja, kwenye mteremko wenye changarawe, aliteleza na ndoo yake. Akakaa chini ameshika tumbo. Nililia sana.

"Nyamaza," alisema hatimaye. "Anacheza."

Shangazi Skola, dada yake baba, alisikia akaja kutoka mjini kumjulia hali. Tukiwa tumekaa uani, akasimulia aliyoyasikia redioni: wataalamu wamepeleka kigari kisicho na dereva kwenye sayari ya Mirihi, kimechota udongo, na wameona dalili za maji ndani yake.

"Mirihi ndiyo ile nyota yako, mama."

Nikawaza: Kumbe maji yetu yako huko!

Bibi aliacha kupepeta ulezi. "Wameyaona maji yenyewe?"

"Hapana. Dalili tu. Kwa macho ni vumbi tupu."

"Hakuna mto? Hata dimbwi?"

"Hakuna, mama."

Bibi aliweka ungo chini. Kisha akamgeukia baba. "Nyota inayotafutiwa maji kwenye vumbi haijanywa kisima cha mtu. Kachimbe."

Kesho yake baba na majirani walichimba. Ukatoka udongo mkavu, kisha wa baridi, kisha ule unaoshikana mkononi. Maji yalipochungulia, machafu kama chai ya maziwa, mama alicheka huku machozi yanamtoka. Mdogo wangu alizaliwa salama kabla ya mvua.

Siku hizi sioni kwamba bibi alishindwa. Ninachokumbuka ni uso wake pale kisimani, wa mtu aliyetuliwa mzigo. Kila asubuhi alikuwa akimtazama mama akienda mtoni, akiamini kwamba kwa kumkataza baba anatulinda sote. Alihitaji sababu ya kuachilia, na shangazi alimletea bila kumcheka.

Wenzangu wakijadili vile vigari, huuliza kama huko kuna viumbe. Mimi huwa nashukuru tu kwamba habari ile ilitufikia kabla mama hajateleza tena.