Dereva wa Waziri Mkuu wa Hungaria

Hapa Buffalo hakuna mtu anayefunga kiti cha magurudumu ndani ya vani kunizidi mimi. Nasema bila haya. Shule niliiacha darasa la nne, kule milimani Kivu ya Kusini, kwa sababu ng'ombe walihitaji mtu na baba aliona mimi ndiye ninayesikilizana nao. Louisville, mji wetu wa kwanza Amerika, nilikata kuku kiwandani mpaka vidole vikawa havijui tena baridi. Columbus, mji wetu wa pili, nilinunua vani iliyochoka, nikawa nawatoa wenzangu kitongoji cha Gahanna kuwapeleka kwenye maghala, na shifti ikiisha nawarudisha. Katikati nalala humo humo. Ile vani ilizaa nyingine. Leo ukipita mtaani kwangu hapa Buffalo, Lower West Side, vani zote nyeupe zilizoegeshwa ni zangu, na kuna vijana wenye diploma wananiita bosi. Wazee wa mji huu wakitaka kwenda kwa daktari, kusafishwa figo, au kanisani, wananipigia mimi.

Nawapenda wote. Ila mmoja nampenda zaidi, Mhungaria wa kule kitongoji cha Kenmore, mzee aliyefiwa na mke, mrefu, mwenye kofia ya sufu ambayo nadhani hulala nayo.

Siku ya kwanza nilimfungulia mlango wa nyuma, kwa heshima. Akautazama kama nimemfungulia jokofu.

"Nyuma wanakaa mabosi," akasema, akaenda zake mbele.

Hatujafika hata taa ya pili akaanza kuniangalia mguu.

"Breki unaikanyaga kama mtu anayeua nyoka. Nani alikufundisha?"

"Nilijifundisha mwenyewe, mzee."

"Inaonekana."

Bon, mtu mwingine angeniambia hivyo ningemshusha. Yeye nilicheka. Tulibishana mpaka kwa daktari, tukabishana na kurudi, na kuanzia siku ile sikumpa dereva mwingine kazi ya kumbeba. Bosi mzima nikawa naamka mwenyewe kufagia theluji kwenye kioo ili nikatukanwe Kenmore.

Alichukua muda kuniambia ujuzi wake umetoka wapi. Siku moja tumekwama nyuma ya lori la kumwaga chumvi ya kuyeyusha theluji, akaanza tu. Ujanani, kwao, enzi za wakomunisti, alikuwa dereva wa waziri mkuu. Si wa msaidizi wake, si wa mke wake. Wa mkubwa mwenyewe wa serikali.

"Wengine wanamjua kwa vitabu," akasema. "Mimi namjua kwa kioo cha ndani."

Na mimi, mtu wa darasa la nne, historia ya Hungaria nimeijua kwa njia hiyo hiyo, kipande leo, kipande wiki ijayo. Waziri mkuu yule alianza kama fundi vyuma. Alikuwa na mikono ya kazi, yenye alama nyeusi ambazo sabuni haitoi. Alijiunga na chama cha wakomunisti wakati kujiunga nacho ni kutafuta jela, na jela akaionja. Vita ilipokwisha na Warusi wakakaa, chama kikawa ndiyo serikali, naye akapanda, daraja moja baada ya jingine, hadi akakalia kiti kile. Alitaka viwanda vijipangie mambo vyenyewe kidogo, na mama wa kijijini aweze kuuza mayai yake bila kuogopa mtu. Mwanzoni wakubwa wenzake wakapiga makofi. Baadaye Warusi wakakunja uso, na makofi yakapungua.

"Mwanzoni alikuwa akikaa katikati ya kiti cha nyuma," mzee akaniambia, "makaratasi yamejaa kila upande. Miaka ilivyokwenda akawa anasogea. Mwisho alikaa pembeni kabisa, bega kwenye mlango. Hapo nikajua anaanguka, kabla ya magazeti."

Siku waziri mkuu alipoacha kazi, alitoka ofisini peke yake, hakuna wa kumbebea mkoba. Akafungua mlango wa mbele, akakaa karibu na dereva. Akamwomba wazunguke wapite kwenye kiwanda alichofanyia kazi ujanani. Walipita polepole. Hakukitazama hata kidogo, aliinamisha kichwa akisikiliza injini ya gari. Kisha akasema, "Vali moja inagonga."

"Na kweli ilikuwa inagonga," mzee akasema. "Miaka yote anaisikia, amenyamaza. Kumbe alikuwa akiona si kazi yake tena."

Nilimwambia, "Mzee, mtu huyo ni mimi kabisa! Shule kidogo, mikono, halafu juu!"

"Wewe?" Akanigeukia. "Yule alijua kunyamaza."

Basi, kila Ijumaa mchana nilimpeleka klabu ya Wahungaria. Kulikuwa na meza moja ya karata pembeni mwa dirisha, wazee wanne, kelele kama wanagombana kumbe wanafurahi. Mke wake alikwisha kufa, binti yake yuko mbali na alikuwa akimwomba kila Jumapili kwa simu ahamie nyumba ya wazee ya huko kwake. Jibu la mzee lilikuwa moja: "Na Ijumaa nicheze na nani?" Meza ile ndiyo iliyokuwa imemshikilia Buffalo.

Na mezani pale walimjua kama mtu aliyeendesha lori la mikate. Ni kweli, aliliendesha, alipofika Amerika. Habari ya waziri mkuu hakuwapa.

"Hiyo waache wasiijue," aliniambia.

Sasa hapa lazima nieleze. Kwetu milimani mtu wa heshima hajisifu hadharani. Yeye kazi yake ni kusema, "Achana na hayo, mimi si kitu." Na kazi ya rafiki ni kutomsikiliza. Watu wakikusanyika, rafiki anasimama, anataja alichofanya mwenzake, aliyemtumikia, safari aliyokwenda, na mwenyewe anainama chini kana kwamba anaona haya, moyo unacheka. Rafiki asiyesimama ni rafiki gani? (Mimi najisifu mwenyewe kwa sababu nimeshazoea Amerika.) Donc, basi, mzee aliposema waache wasiijue, nilisikia ninavyosikia kwetu. Nikangoja siku yake ya kuzaliwa.

Nilivaa suti. Mke wangu alikuwa ameniuliza, "Baba watoto, una uhakika?" na binti yangu akaniambia kwa Kiingereza, kama kawaida ya watoto wa hapa, nikae tu nile keki. Pale klabuni niliomba nafasi ya kusema, nikapewa. Nikawaambia: mnaye hapa mtu mkubwa na hamumjui. Mikono hii mnayoiona ikishika karata ilimwendesha waziri mkuu wenu!

Nilingoja makofi.

Mzee aliinama chini, lakini si kwa haya ya kwetu. Ng'ambo ya meza alikaa rafiki yake, muuza nyama mstaafu ambaye wote humwita bucha. Huyu alivushwa mpaka wa nchi akiwa mtoto, mwaka ule watu wao walipoinuka dhidi ya wakomunisti na vifaru vya Warusi vikaingia mjini. Kaka yake alibaki, akapigwa risasi, na serikali iliyosimama nyuma ya vifaru vile ndiyo baadaye ikawa ya waziri mkuu yule. Bucha aliweka karata zake chini, kifudifudi, akachukua koti.

"Ulimfungulia mlango wa gari," akamwambia mzee. Akatoka. Wengine wawili wakamfuata.

Ijumaa iliyofuata tulikuta meza tupu. Tulivyorudi Kenmore, mzee hakunilaumu. Ila niliikanyaga breki vibaya, kwa makusudi, taa baada ya taa, na hakusema neno. Hapo ndipo nilipoogopa. Jumapili binti yake alipopiga simu, mzee alimwambia atafikiria.

Mimi si mtu wa kukaa na tatizo. Nilikwenda kwa mzee mmoja wa kanisa letu, mtu wa kwetu, anayetengeneza milango kiwandani. Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Bon. Tutaenda omba radhi. Lakini wewe hautasema kitu. Mwenye kukosea hasemake."

"Mukubwa, mimi nilimsifu tu!"

"Unaona? Unasema tena."

Tukaenda kwa bucha na termosi ya chai ya maziwa na chapati za mke wangu, kama inavyopasa. Bucha akatufungulia kwa mshangao, watu weusi wawili wenye tai, mmoja ameshika termosi. Tukakaa. Mzee wa kanisa akaanza kunisemea, na kwa kuwa Kiingereza hana, mwenye kutafsiri ni nani? Ni mimi.

"Mutoto wetu huyu iko na kinywa mingi," akasema.

Nikarekebisha tai yangu.

"Mwambie."

"Anasema... mimi nina mdomo mwingi."

Bucha akamtazama mzee wa kanisa kwa mara ya kwanza vizuri.

"Mwambie akili yake ni ya kazi tu, ya watu bado."

"Anasema nina akili sana ya kazi."

"Na ya watu?" Bucha akauliza. Alikwisha kumwelewa kwa uso, sijui vipi. Ikabidi niseme yote. Sijawahi kuvaa tai siku ngumu kama ile. Mwisho mzee wa kanisa akasema hatukuja kumwombea dereva wa waziri mkuu, maana yeye hakutukosea sisi wala hatujui kama alimkosea bucha. Tumekuja kuomba yule asifukuzwe mezani kwa mdomo wa mtu mwingine.

Bucha alikunywa chai. Akaomba tena kikombe. Hakuahidi kitu, ila mlangoni aliniuliza, "Ijumaa unapita saa ngapi?"

Ijumaa nilipofika kwa bucha, mzee wangu alikuwa amekaa mbele kama siku zote, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Sikumwambia tunapita wapi. Alipomwona bucha anashuka ngazi, alifungua mkanda, akateremka kwenye theluji, akamshikia mwenzake mlango wa mbele. Akafanya hivyo vizuri, mgongo umenyooka, mkono mmoja juu ya mlango ili mtu asigonge kichwa. Bucha akasimama kidogo, kisha akaingia. Mzee akaenda nyuma.

Tukashika njia ya klabu. Halafu bucha, bila kugeuka: "Haya. Alikuwa mtu gani?"

"Alikuwa akila garini mkate na mafuta ya nguruwe na kitunguu kibichi. Gari zima lilinuka."

"Na siku zile? Na watu kama kaka yangu? Alisemaje?"

"Hakusema kitu. Hata mara moja. Nami sikumwuliza. Nilikuwa naendesha."

Taa mbili zikapita. Bucha alikuwa akifuta kioo cha dirisha kwa kiganja, hakikuwa na ukungu.

"Ungenidanganya ningeshuka," akasema.

Mbele taa ikawa nyekundu ghafla, nikakanyaga. Kutoka nyuma ikaja sauti: "Nyoka mwingine huyo."

"Kweli," bucha akasema, "huyu anakanyaga vibaya sana." Wakaanza kwa Kihungaria, wote wawili kwa pamoja, na ingawa sijui neno hata moja la lugha ile nilijua ninasemwa mimi, mtu mwenye vani zake. Niliwaacha. Nikainua macho kwenye kioo cha ndani. Mzee alikuwa amekaa katikati ya kiti.