Paka wa Kunipasha Joto Kifua

Juzi mjukuu wangu kaniletea paka ndani ya boksi la viatu, eti wa kunichangamsha. Nilimfokea mpaka majirani wakachungulia. Shoga yangu, usinione nina roho mbaya. Paka nawachukia tangu utoto wangu Kariakoo, miaka ya hamsini, na sababu ninayo.

Bibi aliyenilea alikuwa akikaanga samaki wa kuuza barazani. Kila asubuhi akirudi soko la samaki la Feri na kikapu, lile paka lake la madoa linamsubiri mlangoni. Mimi nilikuwa na pumu, kifua kikilia filimbi, macho yamevimba. Bibi akaamua nina baridi kifuani, na baridi dawa yake joto. Basi kila nikibanwa ananilaza mkekani, ananiwekea paka kifuani, anatufunika kanga. Nikizidi kuhema anasema, "Baridi hiyo, inatoka," halafu anamsogeza juu zaidi, manyoya yananiingia puani.

"Bibi, ni huyu paka!"

"Koma! Mwenzio anakuuguza."

Nilimchukia paka. Siku nyingine nilimchukia na bibi.

Nikaenda kulala kwa shangazi Ilala, asiyefuga paka, siku tatu, nikapumua kama watu. Niliporudi, bibi akiwa kafuata mkaa, nikamtia paka kikapuni, nikaenda naye mtaa wa Gerezani mpaka relini. Nikamfungulia, nikamrushia mawe asinifuate.

Bibi alizunguka vichochoroni wiki nzima, kichwa cha samaki mkononi, akiita, "Nyau! Nyau!" Hakumpata. Akamvaa mama wa dukani, jirani yetu Mwarabu, ambaye alishawahi kulalamika paka anamdokolea nyama.

"Umemuua paka wa mgonjwa wangu!" akamwambia mbele ya wateja.

Yule mama akaapa, akalia. Miaka yote walikuwa wakipelekeana futari. Tangu siku ile hata salamu hapana. Mimi nilikuwa nimesimama pale mlangoni, nasikia yote. Kifua kikatulia kabisa, na bibi akawa anawaambia watu kuwa marehemu paka ndiye aliyeniponya.

Siku hizi pale kwetu pamesimama ghorofa la maduka ya vitambaa. Hakuna baraza, hakuna harufu ya samaki. Bibi alipokufa, mama wa dukani alikuja msibani na sinia la chakula, wanawake wa kwetu wakamrudisha mlangoni nalo. Nilikuwa palepale, msichana mzima, napumua vizuri, na nikashindwa kusema, "Mwacheni aingie, paka nilimtupa mimi."

Mjukuu aliuliza paka kanikosea nini. Nikamwambia arudishe boksi lake.