Nyasi kwenye Sakafu ya Gereji

Fundi anapaka rangi ya epoksi kwenye sakafu ya gereji ya jirani, na harufu ile kali imenirudisha Hamugembe, kwa baba mkubwa. Gari hakuwa nalo. Hata baiskeli aliazima. Lakini gereji alijenga, na sakafu akaipaka epoksi ing'ae, kwa sababu wakwe wa binti yake walikuwa wanakuja.

Asubuhi ya ugeni epoksi ilikuwa bado inanata. Bibi, aliyeambiwa tu kwamba wageni watakaa humo, alikata nyasi mbichi akazitandaza kutoka mlangoni hadi ukutani, kama nyumba ya Kihaya inavyoandaliwa kupokea watu.

"Mae, umeniua!" baba mkubwa alimfokea mama yake. "Hii ni sakafu ya kisasa, siyo banda la mbuzi!"

Bibi akapiga magoti kuzibandua. Hakuna aliyemsaidia, nami nikiwemo. Nyingi hazikutoka.

Wakwe walipofika, mzee wao alivua viatu, akazikanyaga taratibu.

"Huyu hajasahau kwao," akasema.

"Nilitaka mjisikie nyumbani," baba mkubwa akajibu, kisha akampigia bibi kelele alete punje za kahawa za kutafuna, kama desturi ya kukaribisha wageni.