Kware wa Baba na Bunduki ya Upepo

Baba alipopofuka, hakuyalilia macho. Aliililia mitego yake. Miaka yote alikuwa akitega kware pale kwetu Chakol: mlingoti mrefu uani, umefungwa vitundu vya fito, na ndani ya kila kitundu dume la kuitia wenzake. Alfajiri madume hayo yakilia, kware wa porini walishuka nyasini chini ya mlingoti na kunasa kwenye tanzi. Sasa tanzi zilikuwa zimeoza, na madume yalibaki matatu tu. Yule wa kitundu cha juu kabisa ndiye aliyekuwa roho ya baba. Kwa sauti ya ndege huyo alijua kumekucha, maana mwanga haukumfaa tena kitu.

Mimi nilikuwa mwalimu Malaba, nikilala huko na kurudi nyumbani kila Jumamosi, kijana mwenye mshahara na kiburi, na kiburi kilikuwa kikubwa kuliko mshahara. Nikaamua kununua bunduki ya upepo, ile inayorusha vipunje vya risasi kwa nguvu ya springi, ili baba asikose kitoweo cha njiwa na kanga. Kibali nilipata. Jumamosi moja nikaendesha baiskeli hadi Busia, kwa Mhindi aliyeuza kila kitu, kuanzia misumari hadi cherehani.

Alikuwa nazo mbili. Akaweka boksi la sabuni nyuma ya duka, akaniambia nijaribu. Kwa ile ndogo nilipiga mara tano, na matundu yote matano ungeweza kuyafunika kwa kisosi. Kwa ile kubwa, kuukunja mtutu tu ili springi ikaze kulinitoa jasho, na mara mbili sikuligusa hata boksi.

"Mwalimu, chukua hii dogo," akasema. "Ile kubwa nguvu iko, lakini nataka mkono tulivu. Bunduki ya kwanza ni ile wewe naweza shika bila kutetemeka."

Maneno ya maana, na leo ningemwambia hivyo hivyo kijana yeyote. Lakini maturnboi wawili, wale wapakiaji wa malori, walikuwa wamesimama mlangoni wakitazama.

"Hiyo ndogo ni ya watoto, boss," mmoja akasema, wakacheka.

Basi, nikachukua kubwa. Nikikumbuka kwamba bunduki yangu ilichaguliwa na watu wawili ambao sikuwaona tena maishani, natamani kujizaba kofi.

Jioni baba aliipapasa kuanzia kitako hadi mdomoni. "Ni nzito," akasema. "Utaiweza?"

"Nitaiweza, mzee."

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Baba na mama wakaenda kanisani, nikabaki na bunduki yangu. Hua mnene akatua juu ya mlingoti. Kwetu hata jiwe halirushwi kuelekea mlingoti wa kware. Mtoto wa miaka minne anajua. Mimi, mwalimu mzima, niliona nyama tu. Nikalenga. Mtutu ulitetemeka, nikauona ukitetemeka, na bado nikavuta. Hua akaruka zake. Ndani ya kitundu cha juu kitu kikapigapiga mabawa mara mbili, kikatulia.

Nikauinamisha mlingoti, nikamtoa yule kware akiwa bado na joto, nikamfukia nyuma ya jikoni. Kisha nikachukua kisu, nikakata kamba za kitundu ili kionekane kimeraruliwa. Waliporudi nikadanganya kwa macho makavu: mwewe amekuja.

"Mwewe," baba akarudia. Akageuza sikio juu. "Na hawa wawili wanalia tu? Mwewe akipita hapa, wote wananyamaza mpaka jioni."

Nikainama kuokota vipande vya kamba.

"Sawa, baba," akaniambia, kama alivyoniita tangu utotoni, akaomba fimbo yake akaingia ndani.

Sikwenda nyumbani Jumamosi iliyofuata, wala ile nyingine. Nilisingizia madaftari ya kusahihisha, mvua, homa. Ukweli ni kwamba niliogopa lile sikio. Niliapa kwamba mtama ukiiva nitakwenda na kumwambia yote. Mtama haukuwahi. Nililetewa habari shuleni, nikiwa nimesimama mbele ya ubao, kwamba mzee hayupo.

Baada ya mazishi nilimkuta mama akikunja blanketi la baba. Nikashindwa kuvumilia, nikamwambia: ni mimi niliyemuua kware wa baba.

"Alijua," mama akasema. "Ile siku tu alishika kitundu akasema mwewe hana kisu. Alinikataza nisikwambie. Alisema, kijana akijua nimejua, ataona haya, ataacha kuja nyumbani."

Nikakaa chini.

"Kila Jumamosi," mama akasema, "alikuwa ananiambia nisonge ugali wa watu watatu."