Shimo Lililokandikwa

Esnath alichimba shimo lile kwa siku mbili, mtoto mgongoni na jembe mkononi, na mvua ya kijijini Nkunga haikumhurumia. Bwana shamba alikuwa ameagiza kwamba kila anayetaka miche ya parachichi achimbe shimo la kimo cha mtu katikati ya shamba lake, ili mtaalamu wa udongo aje alisome. Shamba lenye udongo mbovu halipati miche. Na Esnath, tangu mumewe afariki, hakuwa na cha kutegemea ila migomba iliyokwisha kuzeeka.

Jioni ya pili shimo lilikuwa tayari, ila kuta zake zilimtia aibu. Zilijaa makovu ya jembe, mizizi imening'inia, na chini kabisa, hadi sakafuni, umepita mstari mpana wa vijiwe vyeupe, vile vyepesi vya kusugulia miguu. Mgeni aje aone hivi? Kwao alilelewa kwamba mgeni haoneshwi ukuta mchafu. Basi akashuka tena, akakoroga udongo mweusi na maji, akakandika kuta zote nne kwa kiganja, kama mtu anayengoja wakwe. Alipotoka, mgongo haukunyooka.

Asubuhi akaja mtaalamu, kijana mpole aitwaye Lugano, na kisu na utepe wa kupimia. Akainama juu ya shimo.

"Mama, nani amepaka hapa?"

Esnath akajibu kwa sauti ya chini kuwa ni yeye. Mama mkwe wake, Anyitike, aliyekuwa kando akimenya ndizi, akacheka mpaka meno yaliyobaki yakaonekana.

"Mkamwana wangu amemjengea mgeni nyumba," akasema. "Bado kitanda tu, aingie alale."

Lugano naye alitabasamu, lakini akaeleza kuwa udongo husomwa kwa matabaka yake, na hapa yamefunikwa. Alitakiwa awe kijiji cha Lupepo kabla ya saa sita. Ukuta mmoja ukichongwa upya kutoka juu hadi chini, atausoma. Usipochongwa, ataandika kwamba shamba halikupimika.

Esnath akamkabidhi bibi mtoto, akashuka. Mikono ilikuwa kama si yake. Alichonga, na Lugano akafuata kwa kisu, akilipa kila tabaka herufi yake. Juu kabisa majani yanayooza. Chini yake weusi laini, A, ambapo nyungunyungu na mizizi wamechanganya uozo na udongo. Kisha rangi ya kahawia, B, ambapo mvua za miaka mingi zimeteremsha chembe nyembamba za mfinyanzi. Akaviringisha kidonge, kikang'ang'ania vidoleni. Halafu vile vijiwe vyeupe. Akaandika C. Mlima ulivimwaga ulipolipuka zamani, akasema, na bado havijageuka udongo.

Moyo wa Esnath ukashuka. Siku zote alisikia kuwa vijiwe vikianza, ardhi imekufa.

"Endelea chini, mama."

Alitaka kulia. Akachimba sakafu ya shimo. Shubiri mbili tu, vijiwe vikaisha, na chini yake ukatokea udongo mweusi tena, unyevu, wenye harufu ya bustani.

"Hii ni A nyingine, imezikwa," Lugano akasema. "Hapo ulipokanyaga ndipo palipokuwa juu, kabla mlima haujamwaga. Nyasi ziliota hapo."

Esnath akaweka kiganja pale. Palikuwa baridi.

Lugano akafunga daftari. Shamba limefaa, akasema, mradi mizizi ifike kwenye weusi ule wa chini. Kwa hiyo kila shimo la mche lipasue vijiwe mpaka livivuke vyote. Miche arobaini, mashimo arobaini.

"Arobaini," Esnath akarudia.

Akapanda, akampokea mwanawe, akaketi ukingoni miguu ikining'inia shimoni, akamnyonyesha huku akilitazama shamba lote, kutoka migomba hadi mtaroni. Mtoto aliposhiba na kusinzia, Esnath akamwomba Lugano, kabla hajaondoka, amwoneshe pa kuanzia.