Kaimu wa Miaka Tisa

Kiwandani kwetu, pale kwenye sabuni, tulikuwa na kaimu msimamizi. Kaimu wa miaka tisa, si mchezo. Kila asubuhi aliiwekea kiganja mashine ya kukatia sabuni, kama mama anayepima homa ya mtoto, na akisema, "Leo ina kisirani hii," kweli inakwama. Juzi meneja akatangaza kwamba cheo cha msimamizi kitapewa mtu wa ndani. Tukampongeza kaimu wetu, naye kesho yake akaja amenyoa ndevu. Akaletwa mpwa wa meneja, aliyeanza kazi mwezi uliopita.

"Huyu naye ni wa ndani?" nikanong'ona.

"Wa ndani, kaka," akajibu mwenzangu. "Ndani ya nyumba."

Msimamizi mpya akauliza mashine inazimwaje. Kaimu akamwonyesha mara tatu, taratibu, akimwita "mzee" mtu wa umri wa mwanawe.